Aliyebaki Dukani

Huenda picha za Ansel Adams umeziona kwenye kalenda: majabali na theluji, zote za nyeusi na nyeupe. Mmarekani huyu alizaliwa San Francisco mwaka 1902. Alipofika Bonde la Yosemite mara ya kwanza mwaka 1916, wazazi wake walimpa kamera ndogo, na bonde hilo hakuliacha tena hadi alipofariki mwaka 1984.

Aprili 1927 alipanda mlimani na sahani 12 tu za kioo za kupigia picha. Alipofika mbele ya jabali la Half Dome zilikuwa zimebaki mbili. Ya kwanza aliipiga kwa kichujio cha njano, asiridhike. Ya mwisho akaweka chekundu, na anga likatoka jeusi kabisa. Picha hiyo ilimjengea jina.

Pamoja naye siku hiyo alikuwapo Virginia Best. Walioana mwaka 1928. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwaka 1933, na baba alikuwa milimani na kamera yake! Mwaka 1936 Virginia alirithi duka la baba yake bondeni, akaliendesha kwa miaka mingi huku akilea watoto wawili. Serikali ilipomwajiri Ansel mwaka 1941 kupiga picha za hifadhi za taifa, safari zikazidi. Wengi husifu subira yake ya kungoja mwanga. Ya mkewe sijaona wakiisifu sana.

Duka lile baadaye lilibadilishwa jina, likaitwa la Ansel Adams.