Begi la Tangi: Pima kwa Mzigo wa Kurudi

Kwenye kipindi cha juzi niligusia kwa sentensi moja tu kwamba nikienda kwa wazazi naenda na pikipiki, na vitu vyangu viko mbele, juu ya tangi. Basi! Maswali yakaanza kuingia. Naona wengi wenu mmepata leseni karibuni, hongereni sana, na naona pia wengi mnabeba kila kitu mgongoni. Kwa hiyo leo tuongelee begi la tangi na hakuna kingine: uchague lipi na ulifunge vipi.

Kwa asiyepanda pikipiki, hili ni lile begi linalokaa juu ya tangi la mafuta, kati yako na usukani. Uzito unakaa katikati ya chombo, mbele yako, hauyumbishi kitu. Begi la mgongoni ni kinyume chake. Nusu saa ya kwanza hulisikii, baada ya hapo mabega yanaanza kukudai. Mimi natoka Leeds mpaka Northampton kwa M1, ni saa mbili na kitu bila kusimama, na mgongo wa mtu wa miaka thelathini na kitu si ule wa chuo. Halafu kuna jambo ambalo hatupendi kulisema kwa sauti: ukianguka chali, kilicho ndani ya begi ndicho kinachokutana na uti wa mgongo. Kama ni fulana na taulo, sawa. Kama ni kufuli ya chuma ya kufungia pikipiki, fikiria mwenyewe.

Sasa, ukiingia dukani kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni lita. Hili lita 5, hili lita 15, hili linapanuka mpaka 20. Usianzie hapo. Anzia chini, kwenye kinacholishika begi, maana hapo ndipo pana maamuzi ya kweli.

Njia ya kwanza ni sumaku. Begi lina mabawa yenye sumaku ndani, unalibandika tu juu ya tangi na kuondoka. Ni rahisi, linahama kutoka pikipiki moja hadi nyingine, na kwa watu wengi linatosha kabisa. Lakini sumaku inataka chuma. Matangi mengi ni ya chuma, ila siku hizi pikipiki nyingi, hasa zile ndefu za safari, zina plastiki juu, na tangi lenyewe lililojificha chini yake linaweza kuwa la alumini au plastiki. Kwa macho huwezi kujua, rangi ni ile ile. Chukua sumaku ya kwenye friji ya mama yako, ile yenye picha ya Forodhani au Fort Jesus, uipitishe juu ya tangi lote, siyo sehemu moja tu. Mara nyingi utakuta katikati inashika na pembeni inateleza, na mabawa ya begi yanaangukia pembeni.

Mimi sumaku sikuichukua, na sababu haikuwa pikipiki.

Baba yangu amewekewa pesimeka. Kile kifaa kidogo kinachokaa chini ya ngozi, kwa kawaida karibu na bega la kushoto, kinalinda mapigo ya moyo yasishuke. Mimi ni mfamasia, kutwa nawasomea watu vipeperushi, na cha baba nilikisoma kama mtu mwingine yeyote, neno kwa neno. Sumaku yenye nguvu ikikaribia kifaa hicho inaweza kukibadilishia utaratibu wa kazi kwa muda, mpaka utakapoiondoa. Ndiyo maana hushauriwa kwamba vitu vyenye sumaku, simu ikiwemo, vikae angalau sentimita 15 mbali nacho.

Na baba yangu ana tabia moja. Akisikia injini inazima nje anatoka na makubadhi yake, na kabla sijavua helmeti ameshafika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Lete mzigo huo."

Ataubeba vipi? Ataukumbatia. Mzee wa miaka sabini na kitu habebi begi la binti yake kwa mkono mmoja kama mfuko wa sokoni, anaukumbata kifuani, upande wa kushoto, mpaka ndani. Mabawa manne yenye sumaku juu ya pesimeka. Ningeweza kumwambia asibebe. Nyie mna wazazi kama wangu, mnajua jibu. Kumkatalia mzee asikupokee mzigo mlangoni ni kumwambia amezeeka, na yeye bado hajakubaliana na habari hiyo. Basi nikaona ni rahisi zaidi kubadilisha begi kuliko kumbadilisha baba. Kama nyumbani kwenu kuna mtu mwenye pesimeka au kifaa cha kushtua moyo, liulizeni suala hili kliniki yake ya moyo kabla ya kununua chochote chenye sumaku. Na hata kama hakuna, kadi zenye mstari mweusi wa sumaku, kama zile funguo za hoteli, usizilaze kwenye bawa la begi.

Njia ya pili ni mikanda. Hii inakubali tangi la aina yoyote. Mkanda wa mbele unazunguka shingo ya pikipiki, yaani chuma kile kinachobeba usukani, na ya nyuma inashikwa kwenye fremu chini ya kiti. Ukiupitisha ule wa mbele, angalia usibane waya wala mpira wa breki. Peleka usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, na mkono wako uwe pale pale kwenye mkanda ukisikiliza kama kuna kinachovutwa. Mikanda ni bei nafuu na haidondoki. Usumbufu wake ni kituo cha mafuta: kila ukijaza lazima ufungue vibano, ulilaze begi pembeni, ulirudishe. Kwa safari mbili kwa mwaka, sawa. Kwa kila Jumamosi, utachoka.

Njia ya tatu ndiyo niliyoichukua: pete. Unafungua baadhi ya skrubu zinazozunguka kifuniko cha mafuta, unaweka pete juu yake, unafunga kwa skrubu ndefu zaidi zinazokuja na seti. Chini ya begi kuna pete nyingine. Unalishusha, linasema "ta!", limeshika. Ukifika kituo cha mafuta unavuta kamba ndogo, linanyanyuka. Halikai juu ya rangi ya tangi, linaelea kidogo, kwa hiyo halikwaruzi. Ubaya ni bei, maana ukijumlisha pete na begi unaweza kupita pauni 150 bila kujua, na pete ni ya pikipiki hiyo tu. Mpangilio wa skrubu unatofautiana kwa kila kampuni, na wakati mwingine kwa mwaka wa pikipiki. Agiza kwa modeli na mwaka, usiagize kwa kukisia.

Kuifunga ni kazi ya dakika ishirini na spana ya L. Kifuniko kiwe kimefungwa kwa ufunguo muda wote. Zungushia kitambaa, maana skrubu hizo ni ndogo na zinapenda kukimbilia kwenye mashimo ya plastiki ambako hutazipata tena. Baadhi ya skrubu unazoziona pale ni za urembo, hazishiki kitu, kwa hiyo fuata karatasi ya maelekezo, usifuate macho. Kaza kwa vidole viwili na spana fupi, moja huku, nyingine ng'ambo, kama unavyokaza tairi la gari. Zinaingia kwenye chuma laini na ukizitumia nguvu zitakula njia yake, na hapo utakuwa na kifuniko cha tangi cha kununua. Angalia pia kwamba pete haizibi tundu la kupumulia la kifuniko. Tangi lisilopumua linajinyima mafuta, na injini inakata njiani bila sababu unayoiona.

Sasa tuje kwenye lita, na hapa nawaomba mkae vizuri.

Duniani kote wanakwambia: lijaze begi, kaa juu ya pikipiki, kata usukani mpaka mwisho pande zote, uone begi linagusa nini. Ni ushauri mzuri na ufuateni. Begi likigusa kitufe cha honi utaaibika tu. Likigusa swichi ya kuzima injini, au likisukuma mkono wa mafuta, ni habari nyingine. Mnakumbuka Module 1, ile U ya kugeuka kati ya mistari miwili? Usukani umekatwa, mwendo ni wa kutembea, mizani yote inategemea injini. Sasa injini izime hapo hapo. Pikipiki ya kilo 190 inalala chini, na mguu wako uko upande ule ule.

Ila ushauri huo umeandikwa na watu ambao mama zao hawafungashi. Mimi nikienda Northampton begi lina chaja, koti la mvua, dawa za baba, karatasi za hospitali, basi. Limelala chini kama chapati. Nikirudi lina maandazi, mfuko wa kashata, ndimu za kutosha ukoo mzima, na boksi la pilau ambalo nimelikataa mara tatu. Zipu ya kupanua imefunguliwa mpaka mwisho, begi limesimama kama mnara wa msikiti. Kipimo chako kiwe hicho. Fungua zipu yote, jaza mpaka juu, halafu ndipo ukate usukani. Mimi nilipima namna hiyo na nikaishia na begi la lita 11, wakati dukani nilikuwa naelekezwa kwenye lita 20. Pilau linakwenda nyuma, kwenye begi la kiti, na mama ameshazoea kuuliza "la nyuma lina nafasi?" kabla hajafunika sufuria.

Mabegi mengi ya pete yanakuachia uifunge mwenyewe pete ya juu kwenye kitako chake, kwa kutoboa na drili. Hicho kitu ni zawadi. Usitoboe mezani. Liweke begi lililojaa juu ya pikipiki, kaa, vaa koti lako la kuendeshea kabisa, sogeza begi mbele na nyuma. Likienda mbele sana linaziba mita na taa za tahadhari, likirudi nyuma sana linakukaa tumboni na huwezi kuinama. Ukipata mahali pake, weka alama kwa chaki, kata usukani mara ya mwisho, ndipo utoboe.

Kuhusu cha kuweka ndani: vitu laini. Pikipiki ikigonga kitu kwa mbele mwili unateleza kuelekea tangi, nyonga zikitangulia. Kufuli, minyororo, spana nzito, chupa ya chuma, vyote hivyo viende nyuma au chini. Na simu? Kwenye dirisha la juu la begi ni mahali pazuri kwake, pazuri kuliko kuifunga kwenye usukani. Apple wenyewe walitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya simu. Ila ukishaiweka pale usiiguse. Hapa Uingereza kushika simu ukiendesha ni pointi 6 na faini ya pauni 200, na ukiwa ndani ya miaka 2 tangu leseni yako ya kwanza, pointi 6 zinatosha kuiondoa.

Mvua nitaisema kwa kifupi. Vile vifuniko vya mvua vinavyokuja bure na begi vinajaa upepo kwenye barabara kuu na vinageuka puto. Mfuko usiopitisha maji, uliokunjwa mdomo, ndani ya begi, unafanya kazi bora na hauonekani.

Binamu yangu Dar anapiga bodaboda na Boxer, nikamtumia picha ya pete yangu. Alicheka mpaka akakata simu. Lake limeshonwa na fundi wa viti, ni koti la ngozi bandia linalovaa tangi zima, lina mifuko miwili pembeni, kamba chini, na tundu la kifuniko katikati ili ajaze mafuta bila kufungua kitu. Nilipomuuliza usukani unakata vipi akasema mifuko iko pembeni, chini ya magoti, haifiki popote. Kwa kweli nililitazama kwa muda mrefu. Kasoro moja tu: vumbi likiingia chini ya koti hilo linasugua rangi kama msasa, na yeye hulivua kila Ijumaa akafuta tangi. Wenye sumaku na mikanda, na nyie futeni kabla ya kulaza begi, kila mara, hata kama tangi linaonekana safi.

Wenye pete, baada ya safari ya kwanza ishikeni kwa mkono muitikise. Ikicheza hata kidogo, rudisheni spana.