Kabla ya Kutuomba Ubunifu, Tuacheni Tulale

Mwaka jana niliitwa kwenye semina ya ubunifu hapa Voi mjini. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, projekta haikupumzika. Mwishowe tukapewa dakika tano, eti tubuni suluhisho la ndovu wanaovamia mashamba. Dakika tano! Simu zinalia, spika inanguruma. Tukaandika kile ambacho kila mtu anakijua, ua wa stima, tukapiga makofi, tukaenda zetu.

Kwetu ni Sagalla, jirani na mbuga ya Tsavo Mashariki. Mahindi yakikomaa, mjomba halali. Anawasha moto, anapiga debe mpaka alfajiri. Mchana anasinzia, jembe mkononi. Halafu mtu anakuja na fulana mpya kumwambia awe mbunifu! Asiyelala hatafuti njia mpya, bana. Anashika debe lile lile la jana.

Akili mjomba anazo. Kinachokosekana ni nafasi ya kuzitumia.

Tazama ua wa mizinga, ambao uko hapo hapo Sagalla. Haukuzaliwa kwa dakika tano. Kwanza kuna watu waliotulia wakaona kwamba ndovu hukwepa mti wenye nyuki. Mwaka 2002, Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton wakaliandika jambo hilo. Lucy King akalifanyia majaribio miaka na miaka, akiwasikizisha ndovu mlio wa nyuki na kutazama wanavyotimka. Ndipo ukaja ua: mizinga inaning'inia kuzunguka shamba, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka kuuliza ni nani. Si dawa ya kila kitu, maana ukame ukikaza nyuki huhama. Lakini ni wazo, na wazo hilo lilitaka muda wa kutazama.

Mtaniambia kukaa kimya ni anasa ya walioshiba. Sawa, basi tuigawane hiyo anasa. Sisi wa mjini tunalala, halafu nafasi yote tunaimimina kwenye simu. Mimi mwenyewe, kutoka Voi hadi Mwatate, kidole hakitoki kwenye kioo. Milima inapita bila kuangaliwa. Na anayeitazama tunamwita mvivu.

Msimu huu nilizima simu, nikamshikia mjomba zamu usiku tatu mfululizo. Siku ya nne nikamkuta chini ya mti, ametulia tu, hashiki kitu.

"Shikamoo mjomba. Unafanya nini?"

"Marahaba. Hawa wanyama kila mara wanapandia kwenye lile korongo," akasema. "Upande ule tupande pilipili. Mahindi tuyasogeze karibu na nyumba."

Amelima pale tangu sijazaliwa. Kama itafaulu, tutaona mvua zikija. Lakini wenye semina, mkirudi, acheni projekta huko. Njooni mshike zamu, mjomba alale.