Kikomo cha Kompyuta Kitokane na Kipimo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu waliitoa methali hii kwa ajili ya maduka na mashamba, lakini leo inazihusu pia kompyuta zinazotunza mishahara, kodi na kumbukumbu za wananchi. Uwezo wa mashine hizo hununuliwa au hukodiwa kwa fedha za umma, na fedha za umma hazina budi kuhesabiwa.

Mkazi wa Mbweni anayenunua umeme kwa Tukuza huziona yuniti zake zikipungua siku hadi siku. Akiona zinakwisha kabla ya wakati, huuliza ni chombo gani kinachokula umeme, naye huchukua hatua. Mtu huyo huyo akifika ofisini hutumia kompyuta ambayo hesabu ya matumizi yake hajapata kuiona. Nyumbani ni mwangalifu kwa sababu kipimo kipo mbele ya macho yake. Ofisini hana kipimo, na asiye na kipimo hawezi kulaumiwa peke yake kwa kukosa uangalifu.

Nchi yetu imekwisha kupata funzo katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jitihada za kuzitia hesabu za Serikali katika kompyuta hazikuleta matunda yaliyotarajiwa, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake pasipo kibali maalumu. Hatua hiyo ililinda fedha za kigeni, lakini pia ilichelewesha ujuzi. Marufuku ni kikomo kinachowekwa pale ambapo vipimo vya kutenganisha matumizi yenye faida na yasiyo na faida havikuwapo au havikutosha. Hatupendi kuona tukirudi huko, wala hatupendi kuona milango ikiachwa wazi kwa kila ununuzi.

Njia ya tatu ipo, na wenye kompyuta kuu duniani wameitumia kwa zaidi ya miaka 20. Kampuni ya IBM ya Marekani, ambayo mashine zake hutumiwa na mabenki na serikali nyingi, huwaruhusu wateja wake kulipia programu nyingi kwa kufuata matumizi badala ya ukubwa wa mashine nzima. Mashine huandika matumizi yake mchana na usiku. Hutafutwa wastani wa kila muda wa saa nne zinazofuatana, na wastani uliokuwa mkubwa kuliko yote katika mwezi ndio unaofanywa msingi wa malipo. Ripoti hupelekwa kila mwezi. Mteja anaweza pia kuweka kikomo: wastani huo ukikifikia, mashine hupunguza kasi ya kazi ili usivuke.

Maana yake ni rahisi kufahamu. Tuchukue mfano wa ofisi yenye mashine ya uwezo wa vipimo 500. Siku nyingi hutumia 150, lakini alasiri moja ya mwisho wa mwezi hesabu za mishahara, nakala za akiba na taarifa za mwaka hufanywa kwa pamoja, na wastani hupanda hadi 300. Malipo ya mwezi mzima yatafuata 300. Lau nakala za akiba zingengoja usiku wa manane na taarifa zikangoja siku ya pili, huenda kilele kisingezidi 220. Hakuna kazi iliyoachwa, na hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Kilichohitajika ni mtu wa kuisoma ripoti na kupanga ratiba.

Hata hivyo, kikomo kikiwekwa kwa kukisia ni hatari. Mwalimu hatakubali kuambiwa kwamba mshahara wake umechelewa kwa kuwa kompyuta imefika ukomo wake. Kwa hiyo ripoti zinazotumika ziwe za mwaka mzima, zihusishe mwisho wa kila mwezi, kufungwa kwa hesabu mwezi Juni na msimu wa matokeo ya mitihani. Ripoti ya mwezi mmoja tulivu itadanganya. Aidha, kazi zipangwe kwa daraja, ili kikomo kikifikiwa zisubiri zile zinazoweza kusubiri, na mishahara ipite.

Wananchi wa Unguja wanajua maana ya uwezo unaokatika ghafla. Waya wa umeme wa chini ya bahari uliofika Fumba mwaka 1980 ulikuwa na uwezo wa megawati 45. Mwezi Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme huo kwa takriban mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 kilikaa gizani kwa miezi mitatu. Hitilafu zile zilikuwa na sababu zake za kiufundi, na mwaka 2013 ulizinduliwa waya mwingine wa megawati 100. Lakini katika giza lile kila mtu aliona kwamba hospitali na pampu za maji hazilingani na taa za mapambo. Daraja za mahitaji zapasa kuandikwa kabla ya siku ya dhiki.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila idara inayotumia kompyuta ya pamoja ipewe ripoti ya matumizi yake kila mwezi, kwa lugha ambayo mhasibu na mkuu wa idara wataielewa. Pili, ombi lolote la kuongeza uwezo liambatane na ripoti za miezi 12, pamoja na maelezo ya kazi zilizojaribiwa kuhamishwa. Tatu, vipimo visiachwe mikononi mwa muuzaji peke yake. Wataalamu wetu wenyewe wavisome na kuvihakiki.

Ripoti ambayo haikusomwa ni karatasi tupu. Wakuu wa idara wazidai ripoti hizi, nao watumishi wazijadili katika vikao vyao. Kila shilingi itakayookolewa kwa ratiba nzuri ni shilingi iliyobaki kwa ajili ya chaki, madawati na dawa.