Lengo la Kwanza: Msimu Mmoja Bila Butura

Na Koku wa Nshambya

Lengo la fedha linatekelezeka pale linapotaja kiasi, tarehe na mahali fedha itakapotoka. Kwa kaya nyingi za Bukoba na Muleba fedha hiyo hutoka kwenye kahawa, nayo kahawa ina kalenda yake. Kahawa ya robusta huanza kuchumwa mwezi Mei, na malipo makubwa huingia katikati ya mwaka. Januari, watoto wanaporudi shuleni, kahawa bado ni ya kijani mtini. Ada katika shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini sare, madaftari na michango ya chakula bado ni juu ya mzazi.

Katika pengo hilo ndipo butura inapopata nafasi. Mnunuzi hupita kibanjani, yaani kwenye shamba la nyumbani, hukagua kahawa ikiwa maua au punje changa, hutoa fedha taslimu kwa bei ya chini, na msimu ukifika mavuno ni yake. Serikali imeipiga marufuku, lakini inaendelea kwa siri kwa sababu inajibu shida ya kweli: mwenye mgonjwa ndani hawezi kusubiri hadi Julai. Kumwita mkulima huyo mvivu au mjinga ni kumwonea.

Basi lengo la kwanza la kaya ya namna hii si pikipiki wala bati jipya. Ni kupita msimu mmoja bila kuuza butura. Kaya inayohitaji shilingi 600,000 ifikapo Januari italazimika kutenga 150,000 kila mwezi kuanzia Juni hadi Septemba. Kama kibanja hakiwezi kutoa kiasi hicho baada ya chakula na dawa, lengo lipunguzwe liwe 300,000. Hata hiyo inaokoa sehemu ya mikahawa ambayo ingeuzwa ikiwa maua.

Bei haiko mikononi mwa mkulima. Mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya mgao wa mauzo ya kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka. Mwaka 2024 robusta ilifikia bei ya juu sana. Busara ni kupanga kwa bei ya msimu mbaya. Vanila nayo ilitoa funzo kali. Bei yake ilipaa katika soko la dunia hadi karibu mwaka 2018, kisha ikaanguka. Kwa kuwa mmea huo huchukua takriban miaka mitatu kuzaa, aliyepanda bei ikiwa juu alivuna ikiwa imeshuka. Yaliyo mikononi mwa mkulima ni kupogoa matawi, kuchuma zilizoiva tu na kuanika juu ya turubai, si udongoni. Anayeng'oa mikahawa mizee ili apande miche mipya asiweke mapato ya miche hiyo katika hesabu ya mwakani.

Mkazi wa Nshambya, mjini Bukoba, mwenye kibanja Muleba ana unafuu: genge, bodaboda au chumba cha kupangisha humpa fedha ya kila wiki, na hisa za VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, hununuliwa kila wiki. Novemba na Desemba kuna pia senene, panzi wa kuliwa ambao msimu wao unafika karibu kabisa na mahitaji ya Januari. Fedha hiyo ya senene, badala ya kuishia yote kwenye sikukuu, ingeweza kufunga hesabu ya shule.

Jambo moja huharibu mipango mingi kimyakimya. Mke hupalilia, huchuma na kuanika, lakini fedha ya kahawa hupokelewa na mume peke yake. Lengo ambalo mmoja hakulijua halina mlinzi nyumbani. Kiasi na tarehe vikubaliwe na wote wawili kabla ya gunia la kwanza la kahawa ya maganda kupelekwa AMCOS, chama cha ushirika.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa, kama VICOBA, visajiliwe. Mwanachama aombe kuona cheti kabla ya kununua hisa, na viongozi wapange mgawo wa akiba ufanyike kabla shule hazijafunguliwa.