Kona ya Mwalimu: Ulizo linalouma na ulizo lililokatazwa



Vikundi vyetu vingine vimeanza kufanya mchezo wa tribinali. Mama mmoja anakuwa juji, mwingine mlalamikaji, wengine wawili wanakuwa avoka. Ni zoezi nzuri. Lakini mchezo unakwama pale avoka anaposimama na kusema, "Ninapinga!" Anapinga nini, na kwa sababu gani?

Katika sinema za Amerika, avoka wanarukiana maneno. Kwetu Kongo, prezida wa tribinali ndiye anayeongoza kikao. Mwenye kuuliza anapitia kwake, na mwenye kupinga vilevile. Basi fanyeni hivi: omba neno, taja ulizo unalopinga, toa sababu kwa kifupi. Upande wa pili unajibu, kisha prezida anakata. Akiisha kukata, tunaendelea bila kubishana.

Tuchukue kesi tunayoijua huku Masisi: ng'ombe wa jirani wameharibu shamba la maharagi.

Avoka wa jirani anauliza: "Mama, si bwana yako alikuacha?"

Avoka wa mama: "Mama Prezida, ninaomba neno. Ninapinga ulizo hilo. Tunatafuta nani aliharibu maharagi. Ndoa yake haihusu."

Avoka wa jirani: "Ninataka kujua kama shamba ni lake ao la bwana."

Prezida: "Basi uliza juu ya shamba, acha ndoa."

Mumeona? Avoka wa jirani hakupiga kelele. Alionyesha ulizo lake linatafuta nini, na prezida akalinyoosha. Hivyo ndivyo pingamizi inavyojibiwa.

Sasa ulizo lingine: "Giza ilikuwa imeingia. Ulijuaje ni ng'ombe wa jirani?" Hapa mlalamikaji anakasirika, na avoka wake anataka kupinga. Asipinge. Ulizo hilo linauma, lakini mshitakiwa ana haki ya kujitetea. Mama ajibu polepole: alisimama wapi, aliona nini, alitambua kwa alama gani. Asichojua, aseme hajui. Na kama jambo aliambiwa tu, aseme ni nani aliyemwambia. Kwetu juji ana uhuru wa kupima kila ushahidi, lakini "nilisikia" ina uzito mdogo kuliko "niliona."

Kwa hiyo tujifunze kutenganisha ulizo linalouma na ulizo lisilofaa. Anayepinga kila kitu, siku ya pingamizi ya kweli hatasikilizwa.

Na kuna ulizo ambalo sheria yenyewe imelifungia mlango. Sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 iliongeza kanuni katika kesi za ubakaji na jeuri nyingine ya kimwili. Maisha ya zamani ya mwanamke na wanaume hayawezi kutumiwa kusema kwamba yeye si mwaminifu, wala kumtoa mshitakiwa katika kosa. Kunyamaza kwake ao kutopigana hakumaanishi kwamba alikubali. Avoka akiuliza, "Ulikuwa na wanaume wangapi mbele ya hapo?", hapo ndipo pa kusimama na kutaja sheria hiyo. Sheria hiyohiyo inataka mwathirika asaidiwe na avoka, usalama na heshima yake vilindwe, na anaweza kuomba kikao kifanyike milango ikiwa imefungwa.

Huku kwetu maneno haya si mchezo tu. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wengi walibakwa katika vijiji vya Walikale. Kesi ya Ntabo Ntaberi Sheka ilifunguliwa Goma tarehe 27 Novemba 2018, mbele ya korti ya kijeshi. Tarehe 23 Novemba 2020 alikatiwa kifungo cha maisha. Hukumu ile ilijengwa juu ya watu waliokubali kusimama na kuulizwa. Leo vita imefanya njia ya tribinali kuwa ngumu kwa wengi, lakini mwenye kujua haki yake hanyang'anywi ujuzi huo.

Mkifanya mchezo, shikeni mambo matatu. Kwanza, msitumie kamwe habari ya kweli ya mama yeyote wa kikundi. Ng'ombe na maharagi yanatosha. Pili, badilishaneni kazi: aliyekuwa mlalamikaji awe avoka wa mshitakiwa, aone namna upande ule unavyofikiri. Tatu, mama mnyamavu kuliko wote mumpe kiti cha prezida. Mtashangaa.

Kazi ya juma hili: kila kikundi kiandike maulizo kumi juu ya shamba la maharagi, kisha mukubaliane ni yapi ya kupinga na ni yapi ya kujibu.

Mwalimu wenu