Siyo kila tisheti ya CBGB ni ya 1975

Wauzaji wenzangu wa mitumba, leo naongelea ile tisheti nyeusi yenye herufi kubwa CBGB. Mnaijua. Ukifungua belo la tisheti za Marekani unaweza kukutana nayo, na ikipostiwa tu maelezo ni yale yale: "Vinteji orijino ya 1975, ipo moja tu." Bei elfu tisini. Mimi nasema hapo tunajiharibia soko wenyewe.

Tujue kwanza tunachouza. CBGB ilikuwa klabu ya muziki New York, mtaa wa Bowery namba 315. Hilly Kristal aliifungua Desemba 1973. Herufi zile ni kifupi cha Country, BlueGrass na Blues, maana huo ndio muziki aliopanga upigwe pale. Wakaja wengine kabisa: Ramones, Television, Blondie, Talking Heads, Patti Smith. Panki ya New York ikakulia kwenye kaukumbi kembamba ambako hata choo chake kilikuwa maarufu kwa uchafu (kweli kabisa, kinasimuliwa mpaka leo). Ikafungwa Oktoba 2006 baada ya mgogoro wa kodi, Patti Smith ndiye aliyepiga shoo ya mwisho. Baadaye pale pale likafunguliwa duka la nguo la John Varvatos.

Klabu haipo, ila tisheti zake bado zinachapwa na kuuzwa mpya madukani. Sasa jiulize, ukumbi wa watu mia chache, tisheti zake za miaka ya 70 zilikuwa ngapi, na ngapi zimekuja kuangukia Karume kwenye belo lako? Inawezekana, sikatai. Lakini nyingi tunazoshika ni za miaka ya 2000 kuja huku.

Geuza pindo la chini na la mikono. Tisheti nyingi za Marekani za zamani zina mstari mmoja wa uzi. Kuanzia katikati ya miaka ya 90 miwili ndiyo ikawa kawaida. Soma lebo. Ikiwa na anwani ya tovuti, hiyo ya 1975 imetoka wapi? Kama maelekezo ya kufua ni vialama vitupu bila maneno, kwa nguo ya soko la Marekani hiyo ni ya 1997 au baada ya hapo. Ile namba ya RN inakuonyesha kampuni, siyo mwaka, msidanganyane. Na chapa iliyopasuka pasuka siyo ushahidi, viwanda vinazitoa zikiwa zimechakazwa makusudi. Hata mstari mmoja peke yake hautoshi, kuna wanaouiga.

Mwezi uliopita dada mmoja alinijia na yake, kanunua laki na ishirini kwenye ukurasa fulani. Nikageuza pindo, mistari miwili. Lebo, vialama vitupu. Alichonijibu ndicho kinachoniuma: "Basi nyie wa mtandaoni wote matapeli." Mimi sikumuuzia, ila niliingia kwenye hesabu. Yule muuzaji kapata laki yake, sisi wengine tumepoteza mteja aliyekuwa tayari kulipa laki kwa mtumba. Wateja wa hivyo mnawapata wapi?

Kuna watakaosema mteja anataka stori. Sawa, stori ya CBGB ipo na ni tamu, isimulie. Ila stori ya klabu siyo umri wa nguo.

Yangu ya juzi niliipost hivi: "Tisheti ya CBGB, klabu ya New York walikopiga Ramones. Siyo ya miaka ya 70, ni toleo la baadaye. Pamba nzito, saizi L, kwapa safi, ina doa dogo mgongoni, angalia picha ya nne. 18,000." Niliinunua 3,500. Imeondoka siku hiyo hiyo, na aliyeichukua kaulizia kama nina nyingine ya Ramones.