ODM Ichague Upande Mmoja

Mimi ni mwalimu hapa Voi, na kila mwaka huwafundisha wanafunzi wangu kwamba Bunge lina pande mbili: upande unaotawala na upande unaouhoji. Tangu Julai 2024 somo hilo limenitatiza. Mwezi huo, baada ya vijana kuandamana kuupinga Mswada wa Fedha na wengine wao kuuawa, Rais William Ruto aliwateua vigogo wanne wa ODM kuwa mawaziri. Chama kikashikilia kwamba hakijaingia serikalini. Machi 7, 2025, kiongozi wake, marehemu Raila Odinga, akatia sahihi mkataba wa mambo kumi na Rais, huku uongozi wa upande wa wachache katika Bunge la Taifa ukibaki mikononi mwa mbunge wa ODM.

Silaumu maafikiano. Nchi iliyomwaga damu haina budi kutafuta suluhu, na katika mkataba ule yalikuwamo mema: fidia kwa waathiriwa wa maandamano, ukaguzi wa deni la taifa na ulinzi wa ugatuzi. Ninacholaumu ni chama kuketi mezani pa serikali na papo hapo kudai heshima ya upinzani.

Walimu wenzangu, tukumbuke Julai 2025. Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliiambia kamati ya Bunge ya elimu kwamba serikali haimudu kutoa shilingi 22,244 kamili kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Kabla ya uteuzi wake, Bw. Mbadi alikuwa mwenyekiti wa kitaifa wa ODM. Hapa Taita Taveta mbuga za Tsavo zimetwaa zaidi ya nusu ya ardhi, ndovu huvamia mashamba, na mvua ni ya kubahatisha. Mzazi anayekata mkonge kwa ujira atautoa wapi upungufu huo? Je, chama kitamtetea kwa ukali gani, ilhali anayepaswa kuhojiwa ni mwana wa chama hicho hicho?

Wapo wasemao ni heri kuwa ndani. Pwani, wasema, ilipata Waziri wa Madini, Hassan Joho, nasi tuna vito vya kijani vilivyopewa jina la Tsavo. Hoja hiyo ina uzito. Basi ODM itamke bayana: tumo serikalini, tuhukumuni kwa matendo ya serikali.

Njia nyingine ipo. Mwaka 1997 wabunge wa upinzani walipatana na KANU kuzilegeza sheria zilizobana mikutano ya hadhara. Mapatano yalipokwisha kupitishwa, kila chama kilibaki kambini mwake, na Desemba mwaka huo huo wakapambana debeni. Walipatana bila kuuhama upinzani, na mpiga kura hakupotezwa njia.

Wahenga walisema, njia mbili zilimshinda fisi. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, kwenye mtihani niandike ODM iko upande gani?" Nilishika chaki, nikaugeukia ubao, wala sikuwa na la kuandika. Jibu hilo ni deni la chama, si langu, na vijana watakaopiga kura mwaka 2027 wana haki ya kulidai.